Kivuli ni sadaka: Ziara yetu katika Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeifanya ardhi kuwa tandiko letu na akatuoteshea humo chakula, dawa na kivuli. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba wake.

Ndugu wasomaji wa kurasa za familia, linapotajwa neno safari nyoyo zetu huelekea Makka na Madina, na hapana shaka kwamba hizo ndizo safari bora. Hata hivyo ziko ziara ndogo, za nauli ya mtu wa kawaida, ambazo nazo humrudisha mtu nyumbani akiwa na jambo la kujihesabia nafsi yake. Tunakusudia kuwasimulia ziara moja ya namna hiyo. Hatukuvuka bahari wala mpaka wa mkoa. Tulitoka mtaani kwetu tukaenda katikati ya mji, katika Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, na tukarejea kabla ya swala ya Alasiri.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Januari. Wanafunzi wa madrasa walikuwa wamemaliza mtihani wao, na kamati ya msikiti ilikuwa imewaahidi matembezi. Watoto wenyewe walitaka ufukweni. Kina mama walisema ufukweni siku ya Jumapili hapana stara, na mweka hazina naye akasema hapana fedha. Ndipo mwalimu mmoja alipopendekeza bustani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hoja ya kuipinga, ikapita.

Basi lilichelewa. Saa tatu asubuhi jua la kaskazi lilikuwa limekwisha kuwa kali, na watoto walijibanza kwenye ukuta wa fremu za maduka mbele ya msikiti, wakigombea ukanda wa kivuli usiozidi upana wa mkeka. Miaka miwili iliyopita, mahali hapo hapo palipo na fremu palikuwa na mkungu mkubwa. Habari ya mkungu huo tutaifikia, kwani bila ya hiyo ziara hii ingekuwa matembezi tu.

Bustani yenyewe iko upande wa mashariki wa katikati ya mji, mahali ambapo Barabara ya Samora inaelekea baharini. Ubavuni mwake unapita Mtaa wa Shaaban Robert, uliopewa jina la mshairi wetu aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Jirani yake ni Makumbusho ya Taifa, na Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge letu lilikaa kwa miaka mingi. Ikulu haiko mbali, na wala Hospitali ya Ocean Road haiko mbali. Mtu anayetoka Kariakoo, akashuka hapo na kuingia chini ya miti, huhisi kana kwamba ameingia katika nyumba iliyofungwa milango: honi za magari zinasikika, lakini zinasikika kwa mbali.

Watoto waliulizia tausi mara tu tulipoteremka, kwa sababu walikuwa wamesikia habari za tausi wa Ikulu. Hatukumwona hata mmoja asubuhi ile. Waliwaona kunguru, wengi mno, na mijusi wakubwa wakiota jua juu ya mizizi. Mwalimu aliwaambia kwamba kunguru naye ni mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha mwana wa Adam namna ya kumzika nduguye. Basi wakaacha kuwarushia mawe.

Kabla ya kuwaachia watembee, tuliwakalisha kwenye nyasi tukawaeleza habari za mahali walipo, kwani mtoto anayeshiba historia ya mji wake huupenda mji wake. Mji huu ulianzishwa na Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Jina lake lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni nyumba ya amani. Sayyid Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukabaki kama jengo lililoachwa kwenye lenta. Wajerumani walipoitwaa nchi, waliyahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo na kuyaleta hapa mwaka 1891. Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, ndipo ilipoanzishwa bustani hii, chini ya Franz Stuhlmann, aliyekuwa mkurugenzi wao wa kwanza wa kilimo.

Hapa inafaa tuseme ukweli ulivyo. Bustani hii haikupandwa ili watoto wa madrasa waje kula maandazi chini ya miti yake. Ilianza kama shamba la majaribio. Wenye kutawala walitaka kujua ni mazao gani ya biashara yatakayoshika katika ardhi yetu, ili yapandwe mashambani na kusafirishwa kwao. Katika mwaka huo huo wa 1893, Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliingiza mkonge nchini. Inaelezwa kwamba katika miche elfu moja aliyoagiza, ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo michache yakatoka mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro ambayo babu zetu waliyafanyia kazi. Huko kusini, kulazimishwa kulima pamba ni miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waliokufa katika vita hivyo na katika njaa iliyofuata ni makumi ya maelfu. Kwa hiyo anayetembea humu asidanganywe na ukimya wa mahali. Mche hauna kosa, lakini nia ya anayepanda ina hesabu yake mbele ya Allah (s.w.), na mti mmoja waweza kupandwa kwa dhulma au kwa rehema.

Kijana mmoja wa darasa la juu akauliza ikiwa elimu ya mimea ni ya Wazungu tu. Tulifurahi kwa swali lake. Tukamwambia kwamba katika karne ya tisa ya Miladia alikuwapo mwanachuoni aitwaye Abu Hanifa ad-Dinawari, ambaye siye yule Imamu mwenye madhehebu, naye aliandika kitabu kikubwa cha mimea. Kisha akaja Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga katika Andalusia, aliyefariki Damascus mwaka 1248. Huyu alisafiri kutoka magharibi hadi mashariki akiichunguza mimea kwa macho yake, na katika kitabu chake cha dawa alikusanya dawa na vyakula vipatavyo 1,400, akavipanga kwa mfuatano wa alifu hadi ya. Waislamu hawa hawakuona kwamba kuinama na kulitazama jani ni kazi duni kuliko kazi nyingine za elimu.

Baada ya hapo tukaanza kutembea. Bustani hii si kubwa, na mtu anaweza kuizunguka yote bila ya kuchoka, ila inataka mwendo wa taratibu. Iko michikichi na mitende ya namna nyingi, mingine myembamba mirefu kama minara, mingine yenye majani yaliyokunjuka kama kipepeo cha mkaa. Iko mitapo, mimea inayofanana na mnazi mfupi mnene, ambayo jamaa zake walikuwapo duniani kabla hayajatokea maua. Iko mijakaranda, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Na ule mti wa maua mekundu ambao watu wengi huuita mkrismasi, kwa kuwa huchanua mwezi wa Disemba, ulikuwa bado umeshika maua yake, na chini yake palikuwa pamefunikwa kama busati. Asili ya mti huo ni Madagaska. Mama mmoja akasema kwa mzaha kwamba sisi Waislamu tuutafutie jina jingine. Hatujalipata mpaka leo.

Mmea ambao bustani hii husifiwa kwao na wasafiri ni mnazi wa Shelisheli, ule wenye dafu mbili zilizoungana. Asili yake ni visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse, na ni nadra kuukuta nje ya Shelisheli. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote za mimea duniani, na huweza kufikia kilo 25. Mti dume ni mbali na mti jike ni mbali, na tangu kuota hadi kuzaa hupita miaka ishirini na zaidi, kisha tunda lenyewe huchukua kiasi cha miaka sita au saba kukomaa. Zamani, kabla mabaharia hawajajua unakoota, vifuu vyake viliokotwa baharini na kwenye fukwe za mbali, watu wakadhani vimetoka kwenye mti ulioota chini ya bahari. Mafakiri wa kisufi wa Uajemi walivikata wakatengenezea vyombo vya kupokelea sadaka, vinavyoitwa kashkuli.

Tulikaa sana kwenye habari ya mnazi huo. Mtu wa miaka thelathini na kitu, kama tulivyo sisi, akiupanda leo, huenda atakula tunda lake akiwa na wajukuu, na huenda asilile kabisa. Anayepanda mti wa namna hiyo anampandia mtu ambaye hajamjua. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Muislamu hapandi mti, kisha akala humo mwanadamu, ndege au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Na alitufundisha pia kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza kuupanda aupande. Huko chuoni tulizihifadhi hadithi hizi pamoja na wapokezi wake, tukazijibia mtihani, tukapata alama nzuri.

Ilipokaribia saa sita tukatafuta mahali pa kula. Chini ya mti mmoja mpana tulimkuta bibi mtu mzima ameketi juu ya khanga, pembeni yake pana hotipoti na chupa ya maji. Tukamsalimia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia na kutukaribisha kama kwamba tumefika ukumbini kwake. Alikuwa na mgonjwa hospitali, akasema, na kati ya saa ya kuona wagonjwa na saa nyingine hana pa kwenda, kwa sababu kwao ni mbali. Basi kila siku huja hapa. "Huu mti umenistiri, wanangu," akasema. "Aliyeupanda Mungu amlipe." Kina mama wakakaa naye wakala pamoja, na watoto wakamwombea mgonjwa wake.

Hatukumwambia bibi yule ni nani waliopanda bustani. Tulifikiri, na tunafikiri hata sasa, kwamba dua yake ilikwenda inakotakiwa. Kuna Mjerumani aliyetoa amri, lakini mashimo hayakuchimbwa na yeye, na ndoo za maji hazikubebwa na yeye. Walikuwapo vibarua ambao majina yao hayako kwenye kibao chochote, na bila shaka miongoni mwao walikuwamo watu wa Pwani waliosali swala tano. Allah (s.w.) anawajua.

Baada ya chakula mwalimu aliwasimulia watoto kisa cha shina la mtende. Mtume (s.a.w.) alikuwa akihutubia Ijumaa katika msikiti wake wa Madina akiwa ameegemea shina la mtende. Alipotengenezewa mimbari akaliacha shina lile, nalo likalia kwa sauti iliyosikiwa na waliohudhuria, mpaka Mtume (s.a.w.) alipoteremka akaliwekea mkono wake, likatulia. Watoto walisikiliza kwa makini. Kisha kijana mdogo kuliko wote, ambaye hajafika hata nusu ya juzuu ya kwanza, akauliza:

"Ustadhi, na mkungu wetu nao ulilia?"

Hapana aliyejibu. Sasa hatuna budi kueleza habari ya mkungu.

Mkungu ule ulipandwa na bibi mmoja wa mtaa wetu, Allah amrehemu, wakati msikiti ulikuwa bado wa makuti. Hakuandikiana na mtu. Alileta mche ndani ya kopo, akachimba, akaupanda mbele ya mlango wa kina mama, na kila siku alikuja na ndoo. Alisema anataka wanawake wanaongoja swala wapate pa kukaa. Mti ukakua kama mikungu inavyokua, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limenyooshwa kama mwavuli. Chini yake darasa la watoto wadogo lilisoma, maiti walisubiri kuswaliwa, wazee walisuluhisha mandugu. Watoto waliokota kungu wakazivunja kwa mawe ili kula kokwa. Bibi alipofariki, jeneza lake nalo liliwekwa chini ya kivuli hicho.

Ni kweli kwamba mti ule ulikuwa na taabu zake. Ulipopukutisha majani mekundu uliziba mifereji ya bati, na mizizi yake ilikuwa imeanza kupasua sakafu ya mahali pa kutawadhia. Ni kweli pia kwamba msikiti ulikuwa na deni la umeme, na walimu wa madrasa walikuwa wamekaa miezi mingi bila ya posho. Basi kamati ikaamua kwamba eneo lile lijengwe fremu nne za maduka. Kikao kilichukua muda usiozidi nusu saa. Hakuna aliyewauliza kina mama, ambao ndio waliokusudiwa na kivuli kile. Hakuna aliyeiuliza familia ya marehemu. Hakuna aliyemuuliza sheikh juu ya hukumu ya kitu kilichotolewa kwa ajili ya waja wa Allah, ambacho waliokikuta si chao. Asubuhi moja likaja chenso, na mpaka Adhuhuri mkungu ulikuwa magogo ya kuchomea mkaa.

Mkono ulioandika muhtasari wa kikao kile ndio huu unaoandika makala haya. Sisi tuliosoma chuo, tuliozihifadhi hadithi za kupanda miti na wapokezi wake, ndio tulioandika kwamba mti huo "umekuwa kero" na kwamba "wajumbe wote wameafiki". Tuliandika kwa mwandiko mzuri.

Turejee bustanini. Katika watoto wale alikuwamo mjukuu wa marehemu, binti wa miaka kumi na mbili, mwenye hifadhi nzuri kuliko wenzake. Aliposikia swali la yule mdogo, naye akauliza, kwa adabu na bila ya kuinua uso: "Na thawabu za bibi, Ustadhi, zimekatika siku ule mti ulipokatwa?"

Ndugu msomaji, tumewahi kuulizwa maswali magumu na wazee, lakini hatukumbuki kuulizwa zito kama hilo. Tulimwambia tunachokijua kwa yakini: kwamba Allah (s.w.) hapotezi ujira wa wanaofanya wema, na kwamba kila aliyestarehe chini ya mti ule ameandikwa katika daftari ambalo hakuna kamati inayoweza kulifuta. Tukamwambia kuwa nia ya bibi yake ilikuwa njema, na nia haikatwi kwa chenso. Kisha tukamwambia jambo la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi kulisema mbele ya watoto: kwamba tulikosea kutowauliza, yeye na mama yake, na kwamba tunawaomba radhi. Mama yake alikuwa amekaa pale pale. Aliangalia chini, akasema, "Yamepita, Ustadhi. Lakini pandeni."

Pembeni alikuwapo mzee mmoja mtunza bustani, mwenye ndoo na panga, ambaye bila shaka alikuwa akisikiliza. Akasogea, akatupa somo ambalo hatukulipata chuoni. Mkungu, alisema, hauna kosa, ila sisi tuliuweka karibu mno na sakafu. Mti mkubwa upewe nafasi yake mbali na msingi wa nyumba na mbali na karo. Shimo lichimbwe pana, udongo wa juu uwekwe pembeni, uchanganywe na samadi iliyokwisha kuoza, usiwe mbichi ukaunguza mizizi. Upandwe masika yanapoanza ili mvua ifanye kazi ya kwanza. Kisha, akasema akiinua kidole, kazi yenyewe ni kiangazi cha kwanza na cha pili. "Watu wengi wanapenda kupigwa picha siku ya kupanda. Mimi nataka kumwona anayekuja na ndoo mwezi wa tisa." Tukamshukuru, naye akatuomba jambo moja tu, tusiache chupa za plastiki kwenye nyasi. Watoto wakaokota zao na zisizo zao, nasi tukawakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuchafua mahali pa kivuli ambapo watu hupumzika.

Njiani tukirudi tuliwachezesha watoto mchezo wa kutaja maeneo ya Dar es Salaam yenye majina ya miti. Wakataja Mnazi Mmoja, Mikocheni, Mkwajuni, Mwembechai, Mwembeyanga, Mivinjeni, Mzambarauni. Mmoja akauliza mikoche ya Mikocheni iko wapi siku hizi. Dereva akacheka. Mji huu uliitwa kwa miti yake, na katika sehemu nyingi jina ndilo lililobaki.

Kikao cha kamati kilichofuata hakikuwa cha nusu saa. Mweka hazina alisema jambo la haki, nasi tunalinukuu kwa kuwa ni haki: kodi ya fremu zile ndiyo inayolipa posho za walimu watatu, na asiyekumbuka msikiti ulivyokuwa gizani asizilaani. Mjumbe mwingine akasema msikiti si msitu. Safari hii, hata hivyo, kina mama walialikwa, na mmoja wao aliuliza nani kati ya wajumbe amewahi kungoja Ijumaa nzima juani akiwa na mtoto mgongoni. Hatukuafikiana kwa kila kitu. Tuliafikiana kwamba fremu zibaki, na kwamba nafasi iliyo kati ya tangi la maji na ukuta wa kina mama isijengwe chochote, ipandwe miti miwili, mkungu mmoja na mzambarau mmoja.

Miche tulinunua kwenye vitalu vya kando ya barabara. Siku ya kupanda, mvua za kwanza za masika zilikuwa zimenyesha usiku. Tukakumbuka kisa cha Salman al-Farisi (r.a.), ambaye sharti moja la kukombolewa kwake utumwani lilikuwa kupanda mitende 300. Maswahaba walimchangia miche, yeye akachimba mashimo, na Mtume (s.a.w.) akaitia miche ardhini kwa mkono wake mtukufu. Basi wajumbe wa kamati wakachimba, na mjukuu wa marehemu ndiye aliyeupanda mkungu. Ndoo za kumwagilia zimegawiwa kwa zamu, na jina la katibu limo katika zamu ya mwezi wa tisa.

Kwa familia zinazotaka kwenda bustanini, tunashauri haya. Anayetumia mwendokasi ashuke Kivukoni, kisha aulize njia ya Makumbusho ya Taifa. Nendeni asubuhi, kabla jua halijapanda. Chukueni maji ya kutosha, mkeka, na mfuko wa kurudishia taka. Mkipenda, unganisheni na ziara ya Makumbusho, ili safari moja iwe na faida mbili. Msikate tawi, msichongee majina kwenye magamba. Na kabla ya kuondoka, kaeni kimya chini ya mti mmoja kwa muda mfupi na muwaulize watoto wenu: nani aliupanda, na alimpandia nani?

Makala haya tunayaandika masika yakielekea mwisho. Mkungu umefika magotini, una majani tisa, na mbuzi wa jirani amekwisha kuujaribu mara moja. Katika muhtasari wa kikao kile tuliandika, na wajumbe wakatia saini, kwamba miti hii miwili ni sadaka kwa ajili ya kivuli cha waumini na wapita njia, na kwamba haitakatwa bila ya kuulizwa kina mama na kuulizwa wenye elimu. Tunajua kwamba karatasi huliwa na mchwa. Ndiyo sababu tumeiandika na hapa, ili ninyi wasomaji muwe mashahidi wetu.

Tunamwomba Allah (s.w.) amrehemu bibi yetu, amponye mgonjwa wa yule bibi tuliyemkuta chini ya mti, atusamehe tuliyoyakata, na atujaalie tumwagilie tuliyoyapanda. Amin.